Barua ya Mahfudha Imekwenda Wapi?

Kijiwe cha Shela, mjini Malindi, kiko mbele ya kijiduka cha Abdulhalim, fundi saa, ambaye wenziwe wamempa jina la Dakika kwa kuwa hajapata kuchelewa popote tangu wamjue. Benchi ni moja, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali, na pembeni Mahadhi muuza kahawa huweka dele lake juu ya makaa. Jumamosi hiyo, mwaka wa themanini na sita, Dakika alikuwa amefungua saa ya mtu na hakumbuki alichokuwa akikitafuta ndani yake. Binti yake, Mahfudha, alikuwa amefaulu kidato cha sita. Waliofaulu walitumiwa kwa posta fomu ya kuchagua masomo ya chuo kikuu, na fomu hiyo ilitakiwa ipigwe muhuri wa posta kabla ya saa sita mchana, leo. Wenzake walipata zao wiki tano nyuma. Yeye hakupata. Mamake, Harusi, alikuwa amezikwa wiki saba nyuma.

— Saa ngapi, Dakika? aliuliza Katana, karani mstaafu wa kiwanda cha chumvi cha Marereni. Wao humwita Gazeti.

— Saa nne na dakika kumi na mbili.

— Basi muda upo. Barua haipotei hivi hivi, bwana. Barua ina njia. Imetoka Nairobi kwa treni, imeshuka Mombasa, imepanda basi, imefika kivukoni Kilifi. Pale kivukoni ndipo pa kuanzia uchunguzi. Gunia limeanguka majini.

— Majini! Aboud alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Huyu ni mlinzi wa hoteli, nao wanamwita Kanali, ingawa bunduki ameiona kwenye picha tu. — Na barua za wenzake je? Gunia lilizama likachagua barua moja?

— Za juu hupona. Yake ilikuwa chini.

— Nyote mwabahatisha, alisema Mahadhi akimimina. — Malindi ni mbili, yakhe. Kuna Malindi ya Unguja. Saa hii yuko msichana Unguja ameishika fomu, ashangaa ameitwa Nairobi na hajafanya mtihani.

— Kwani bahasha haikuandikwa Kenya?

— Nani huandika Kenya naye yuko Kenya?

Wakalinywea swali hilo nusu kikombe cha kahawa.

Dakika aliwasikiliza mmoja mmoja, na aibu yake ni kwamba kila mmoja alimwamini kwa muda. Aliliona gunia likizama. Akamwona msichana wa Unguja. Miaka kumi na tisa barua zilikuwa zikifika mezani kila Ijumaa, chini ya taa ya chemli, zikimngoja amalize kula. Sasa kila Ijumaa alikuta meza tupu, na Mahfudha kasimama mlangoni asiulize kitu. Alikuwa amekwisha kujua atakachojaza: masomo ya dawa, kama zile alizokuwa akigawa mamake kwenye dirisha la hospitali. Kilichokosekana ni karatasi ya kujazia.

— Mie najua, na nilikuwa sitaki kusema, alisema Kanali, akasema. — Ni Wataliani.

— Wataliani wafanye nini na fomu ya chuo?

— Fomu hawaitaki. Wataka stempu! Pale hotelini yuko mzee wa chumba cha tisa ana kitabu kizima cha stempu. Alinipa sigara pakiti nzima kwa stempu ya twiga. Barua ya serikali ina stempu kubwa kubwa.

— Barua ya serikali haina stempu, Kanali. Ina chapa tu.

— Ndiyo maana yataka zaidi! Ni adimu!

— Nilikwenda posta, alisema Dakika, taratibu. — Jumatatu. Karani akaniambia dirishani hana kitu, za Malindi zote zimekwisha kuingizwa masandukuni.

— Hapo sasa! Gazeti aliruka. — Karani akisema hana, jua anayo. Twende wote wanne, na mimi niseme Kizungu.

— Kizungu chako cha chumvi kitatufungisha.

Wakati huo akafika Kache, mama muuza nazi, saa ya mumewe ameifunga kwenye pembe ya leso.

— Shikamoo, baba. Hamjambo nyote? Nimeleta hii, yasimama ikitaka.

— Marahaba, mama. Iweke hapo. Leo sina akili.

Wakamweleza, wote kwa pamoja: kivuko, Unguja, Wataliani. Kache alisikiliza akiwa amesimama, akimtazama mmoja baada ya mwingine.

— Sisi barua ya chama cha nazi ilikawia mwezi mzima, alisema. — Kumbe katibu amekwenda Kaloleni na ufunguo mfukoni. Sanduku lenu nyinyi, ufunguo anao nani?

Gazeti, Kanali na Mahadhi wakamgeukia Dakika.

Dakika aliweka koleo chini. Harusi alikuwa akitoka hospitalini Ijumaa, akipitia posta kulifungua sanduku. Alikuwa akifika, akitungika mkoba nyuma ya mlango, kisha akiweka barua mezani. Kwa wiki saba mkoba ulikuwa pale pale ulipotungikwa. Yeye hakuugusa, na Mahfudha alikuwa akifagia chini yake bila kuusogeza.

Saa zote tatu za ukutani zilisema pamoja: saa tano kasoro dakika nane.

Akainuka. Aliiacha saa ya mtu wazi mezani, na mlango wa duka wazi, jambo ambalo hakuna pale aliyewahi kuliona.

— Dakika! Waenda wapi, bwana?

— Nyumbani, alisema, naye ameshafika barabarani. — Nyuma ya mlango.