Sydney Wasike Wamalwa (1968–2025), Mtu wa Chupa Yake ya Chai

Mchungaji, wazee, majirani wa hapa Kisaju, nawasalimu kwa Kimaasai, sopa oleng. Marafiki wa Noonkopir, wafanyakazi wenzake wa shamba la maua, na nyinyi wageni wa hema la pili ambao hatukuwaalika lakini karibuni. Mimi ni Nelima, dada yake mdogo, mwalimu wa shule ya msingi huko Kajiado. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu. Mlio na programu mkononi mtaona kwamba aya ya ugonjwa ina mistari miwili tu. Mimi niliandika ukurasa mzima. Uongozi wa shamba ulijitolea kutuchapishia bure, tukashukuru, na programu zikarudi hivyo mnavyoziona. Labda nafasi iliisha, ingawa naona nafasi ya picha tatu za waridi ilipatikana. Kwa hivyo zifungeni, mnisikilize.

Marehemu Sydney Wasike Wamalwa alizaliwa tarehe 4 Juni 1968 karibu na Chwele, Bungoma, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wamalwa na mama yetu Nasike, ambaye ameketi hapa mbele. Baba hakujua kusoma. Mwaka wa 1977 watu wawili walimletea karatasi wakamwambia ni ya kupimiwa shamba. Walikuja na kisanduku chao cha wino na maneno matamu, naye akaweka kidole gumba. Kumbe alikuwa ametoa upande wote wa shamba ulio karibu na mto. Baba alikuwa mcheshi, lakini siku tatu mfululizo tulimwona akisugua kidole kile kwa majivu. Wasike alikuwa na miaka tisa, naye alisimama pale akimwangalia.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia 1975, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1981, kisha akaingia sekondari na kuishia kidato cha pili kwa kukosa karo. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alichokijua kuliko wote ni kutia sahihi. Alijifunza akiwa darasa la nne, kwa kijiti mchangani, kwa makaa ukutani, halafu kwa kalamu nyuma ya daftari langu la hesabu. Ilikuwa na W kubwa iliyosimama wima na mstari mmoja chini yake. Nilichapwa viboko vinne kwa sababu ya sahihi isiyo yangu, na bado sijamsamehe vizuri.

Alifika Kitengela mwaka wa 1994, akapanga chumba Noonkopir, akapata kazi ya kukata maua katika shamba ambalo jina lake silitaji, kwa sababu wakili wa familia ameniomba nisilitaje na nyote mnalijua. Alikata waridi miaka mingi, akahamia ukumbi wa kufungia maua, na mwaka wa 2008 akawa msimamizi wa ukumbi huo. Mwaka wa 2014 mwenye shamba wa zamani, akijiandaa kurudi kwao Ulaya, aliwaita wafanyakazi wote akawatangazia kwamba robo ya shamba sasa ni yao. Ni yao kwa pamoja, haigawanywi. Watamchagua mwenzao mmoja akae kwenye bodi, na robo hiyo haiuzwi mpaka wafanyakazi wakae ukumbini wapige kura, kisha mwakilishi wao akubali kwa maandishi.

Watu walipiga makofi na vigelegele. Wasike aliinua mkono akauliza, "Kwa nini?" Mzee wa watu akasema kwamba siku hizi wanunuzi wa kule wanataka kujua ni nani aliyelima ua na kama ana sauti pale shambani, na ua la namna hiyo linapata soko kubwa. Wasike akasema, "Sawa. Hilo naweza kuelewa," akakaa. Alizibeba zile karatasi nyumbani, akazisoma wiki tano huku akimsumbua kila jirani aliyewahi kuona kamusi. Ilipofika siku ya uchaguzi, alikuwa mtu pekee aliyezimaliza. Ndiyo sababu walimchagua, na wakaendelea kumchagua miaka kumi na mmoja.

Sasa, ukumbini kuna sheria ambayo haijaandikwa popote. Mtu akienda ofisini na kunywa chai ya huko, hata kikombe kimoja, wenzake huhesabu kwamba amekwisha kununuliwa. Wasike aliikubali sheria hiyo kwa moyo wote. Kila mkutano wa bodi alienda na chupa yake ya chai, ile ya bluu iliyobonyea ubavuni, akamimina mbele ya wakurugenzi, akanywa. Akirudi, Rahab anayesimamia meza ya kwanza alikuwa anamngoja mlangoni. Aliipokea chupa, akaifungua, akachungulia ndani. Ikiwa tupu, kaka yangu alinywa yake. Siku moja mwaka wa 2019 ilirudi na chai nusu, na Rahab akamuuliza mbele ya watu wote, "Hii ingine ulikunywa ya nani?" Wasike alieleza kwamba mkutano ulikuwa mfupi. Hakuaminiwa mpaka alipoimaliza palepale, imepoa, huku wote wakitazama. Alirudi nyumbani akicheka, akasema hao ndio watu wa kufanya nao kazi.

Tarehe 11 Desemba 1999 marehemu alifunga ndoa na Mumbi katika kanisa moja la Matasia. Sitaficha kwamba sisi wa Bungoma tulimshuku Mumbi, na kwao Matasia walimshuku Wasike, na pande zote mbili zilituma watu kuuliza uliza. Hawakupata kitu. Siku ya harusi, kwenye daftari la kanisa, bwana harusi alitia sahihi yake polepole kiasi kwamba mchungaji aliangalia saa. Mumbi alimnong'oneza, "Andika, mimi sitoroki." Mungu aliwajalia watoto wawili, Valerie na Roy. Mwaka wa 2012 walihamia katika shamba hili dogo tuliposimama, na hapa ndipo alipoomba azikwe.

Nakuja kwenye ugonjwa. Jumapili tarehe 9 Februari mwaka huu, baada ya ibada, marehemu alipatwa na kiharusi. Alilazwa katika hospitali moja ya Kajiado. Upande wa kushoto ulikufa wote, mkono na mguu, na sauti ikaondoka. Mkono wa kulia ulibaki mzima. Mumbi alimnunulia daftari, na kuanzia hapo alizungumza kwa kuandika, mchana kutwa, mpaka tukamwambia apumzike. Aliandika kwamba uji hauna sukari. Aliandika kumuuliza Roy kuhusu mtihani. Mimi aliniandikia, "Nelima, sauti yako iko juu, hii ni wodi." Kila siku Mumbi alimletea chai katika ile chupa ya bluu, akamnywesha kwa kijiko.

Mwisho wa Februari ilivuma kwamba kampuni moja ya nje inataka kununua shamba lote. Wengine walisema maua yataendelea. Wengine walisema vigingi vya kugawa ploti vilishaonekana nyuma ya chumba cha baridi, na mnajua bei ya ardhi kando ya barabara hii ya Namanga ilivyo siku hizi. Rahab alikuja hospitalini kumuuliza. Wasike aliandika, nami daftari ninalo: "Tukae kwanza ukumbini. Mkisema ndiyo nitatia. Mkisema hapana sitatia. Kabla hamjakaa sitii kitu."

Jumanne tarehe 11 Machi Bwana Mulinge, meneja wa wafanyakazi, alifika na mwenzake mmoja na kikapu cha matunda. Walimsalimu Mumbi kwa upole mwingi. Muda si muda Mumbi akaambiwa kuna dawa inatakiwa duka la nje, akatoka. Aliporudi wageni walikuwa wameenda, na mumewe alikuwa amelala, kwa kuwa alikuwa amedungwa sindano ya usingizi saa sita. Alhamisi tarehe 13 Machi, saa nne asubuhi, kaka yangu alifariki. Ijumaa asubuhi, kabla hata hatujapeleka tangazo kanisani, karatasi ilikuwa ubaoni pale langoni mwa shamba. Ilisema mwakilishi wa wafanyakazi amekubali robo iuzwe. Tarehe ilikuwa 11 Machi. Penye nafasi ya sahihi palikuwa na alama ya kidole gumba.

Basi nyinyi wa ukumbini mkaanza kusema. Sisi tulikaa na msiba hapa nyumbani siku nane, na kutoka ukumbini hakuja mtu. Nilimpigia Rahab simu. Akaniambia, "Mwalimu, maneno ya daftari ni ya daftari. Ile karatasi ya ubaoni ndiyo iko na kidole. Wasike alikunywa chai." Akakata. Na leo mmekuja, asanteni, lakini mmesimama kule kwenye ua na hakuna aliyeimba. Mimi nimewahi kuona jinsi ukumbi ule unavyoimba kwenye mazishi ya mwenzao. Najua mnachofikiri.

Sina nguvu ya kuwakasirikia, kwa sababu hata mimi nilimshuku. Nilisimama mbele ya ile karatasi Ijumaa ile, nikasema moyoni, labda walimtisha, labda alichoka, labda alifikiria karo ya Roy. Nilimshuku kaka yangu siku tano nzima, naye yuko mochari hawezi kuandika jibu. Naona haya kuyasema mbele ya mama, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano iliyopita mimi na Mumbi tulienda kumvalisha. Mumbi alikuwa anafunga vifungo vya upande wa kulia, mimi wa kushoto. Nikaushika mkono wa kushoto niuingize kwenye koti, nikaona kidole gumba. Kilikuwa na wino wa bluu, mpaka ndani ya kucha. Tukatazamana. Huo ni mkono uliokuwa umekufa tangu Februari, ambao hata nzi akitua hakuweza kumfukuza. Na mkono wa kulia, ambao ulikuwa umeandika uji hauna sukari, ulikuwa na doa dogo la kalamu kwenye kidole cha kati, mahali lilipokuwa siku zote.

Tulikumbuka kitanda cha pili kule wodini. Pale alikuwa amelazwa mwezi mzima Mzee Haibe, anayeuza mbuzi soko la Kajiado, na wengi mnamfahamu. Tulienda moja kwa moja kwake. Nawasomea alivyosema, kwa ruhusa yake, naye yuko hapa mstari wa kwanza na fimbo yake: "Mimi nilikuwa macho. Walikuja wawili, mama akatoka. Mzee alikuwa amelala ile usingizi ya sindano. Mmoja akashika ile mkono imekufa, akafinya kidole kwa kisanduku, akafinya kwa karatasi. Waliniangalia. Wakaona mgonjwa, wakadhani mimi ni kitanda."

Majina yao Mzee Haibe hayajui, na mimi sitayataja. Alhamisi daktari aliuangalia mkono mbele ya wakili, akaandika alichokiona, na picha zimepigwa. Mengine yatasemwa mahali pake. Bwana Mulinge, naona umeketi karibu na njia ya kutokea. Hakuna haraka, kuna chakula.

Ninalotaka kusema ni moja tu, kwenu nyinyi mliosimama uani. Jumatatu tarehe 24 hao wanunuzi wanakuja, na mtaambiwa kwamba hamna haja ya kukaa ukumbini, kwa sababu mwakilishi wenu alikwisha kubali. Jueni mtu mnayeambiwa alikubali alikuwa nani. Alikuwa mtoto aliyemwona baba yake akisugua kidole kwa majivu. Tangu miaka tisa mpaka hamsini na sita hakuweka kidole gumba kwenye karatasi ya mtu yeyote, hata benki, hata kwa chifu, hata siku alipofungwa bandeji mkono wa kulia mwaka wa 2003, aliwaambia wangoje upone. Walioleta kile kisanduku hawakumjua hata kidogo. Kaeni. Mkisema ndiyo au mkisema hapana, ni juu yenu, lakini kaeni.

Marehemu ameacha mama yake, Nasike. Mjane wake, Mumbi. Watoto wake, Valerie na Roy. Ndugu watatu nikiwemo mimi. Na kiti kimoja kwenye bodi ambacho nyinyi ndio mtakaokichagulia mtu wa kukikalia, si ofisi. Kile kikapu cha matunda kiko pale chini ya meza kama kilivyoletwa, na karatasi yake haijafunguliwa. Kando ya picha yake kuna chupa ya bluu iliyobonyea. Ndiyo aliyokuwa nayo hospitalini Jumanne ile, ilikuwa chai yake ya mwisho, na Mumbi hakuiosha.

Rahab, nakuona. Njoo uifungue, uchungulie kama ulivyozoea. Ukiridhika, wewe ndiye huanzisha wimbo, na sisi tutakungoja.

Pumzika sasa, kaka. Karatasi zote ulizisoma.