Karatasi za Verna Kostiuk kwenye Vibanda vya Basi

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2025, saa tisa alasiri, Verna Kostiuk atarudisha funguo za stoo baada ya kusafisha vibanda vya basi vya Winnipeg, Kanada, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne.

Alianza Oktoba 1993, mke wa fundi wa reli na mama wa mtoto mmoja, Curtis. Alipewa njia ya mtaa wa North End, ambayo kila mfanyakazi mpya aliomba kuhamishwa baada ya wiki mbili. Yeye hakuomba. Aliijua kibanda kwa kibanda: kipi kinavuja, kipi hita yake imekufa, kipi hulala mtu ambaye hapendi kuamshwa kwa mwanga wa tochi. Mwaka wa mafuriko, 1997, alijaza viroba vya mchanga vya kuzuia maji kwa siku tisa, kisha akarudi kazini bila kudai mapumziko. Wafanyakazi ishirini na watatu wamejifunza kazi mikononi mwake.

Rodel Manalastas, aliyeendesha gari la maji pamoja naye kwa miaka kumi na sita, bado anasimulia asubuhi ya nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, kufuli la tangi lilipoganda. Verna alilimwagia supu yake ya viazi vyekundu kutoka kwenye chupa ya chai, likafunguka. Rodel anasema alisikitikia supu kuliko alivyofurahia kufuli.

Majira ya baridi ya 2016 abiria walianza kukuta vikaratasi vimebandikwa vibandani, kwa urefu wa macho ya mtu aliyeketi. Havikuwa na jina. “Umekula leo? Kanisa la kona lina supu mpaka saa nane.” “Kuna mtu angefurahi kukuona, hivyo hivyo ulivyo.” Muuguzi mmoja alipiga simu ofisini kushukuru, alikuwa ametoka kumfumba macho mgonjwa wake aliyefariki, akasoma kikaratasi, akakitia mfukoni, akapata nguvu ya kupanda basi. Watu waliulizana mwandishi ni nani. Wengine walidhani ni watoto wa shule.

Kanuni yetu ilikuwa kwamba kioo kisibaki na karatasi yoyote. Mwaka 2018 msimamizi wa zamu alisimama kwenye kikao cha asubuhi, akasema vikaratasi hivyo vinaandikwa na mtu wa humu ndani, na kwamba ataulinganisha mwandiko na fomu zetu za kazi. Atakayepatikana ataondoka. Alisema hayo akiwa na kikaratasi alichokikwangua mwenyewe siku hiyo, akakisoma kwa sauti ili watu wacheke: “Nimerudisha kufuli la zamani.” Watu walicheka. Nani anaachia wageni habari za kufuli?

Msimamizi huyo ni mimi.

Baada ya kikao kile vikaratasi viliendelea, lakini kwa herufi kubwa tupu, zimenyooshwa kwa rula kama za kibao cha barabarani. Sikumpata mwandishi. Kusema kweli nilichoka kumtafuta, nikaona nimekuwa mtu mwema.

Curtis, mtoto wa Verna, alikuwa mwezekaji wa paa. Alianguka akaumia mgongo, akapewa vidonge vya maumivu, na vidonge vikamchukua, hakuweza tena kuviacha. Baba yake alipofariki, Curtis aliuza kinanda cha kodiani cha marehemu kabla ya arobaini kwisha. Verna akabadilisha kufuli la mlango. Wiki moja baadaye alilirudisha lile la zamani, lakini kijana alikuwa ameshapotelea mjini, na ufunguo wake mfukoni. Mama alimtafuta katika makao ya wasio na nyumba, moja baada ya jingine. Alipomkosa, akaanza kumwandikia mahali alipojua mtu asiye na pa kwenda ataketi. Hakuweka jina kwa sababu ya kanuni yetu. Wageni waliovisoma vikaratasi wakadhani ni vyao, naye hakuona sababu ya kuwanyima.

Januari 2020 Curtis alikutwa amefariki kwa baridi kwenye kibanda cha Main Street, nje ya njia ya mama yake. Polisi walimletea koti, glavu moja, ufunguo, na vikaratasi kumi na saba vilivyokunjwa vizuri. Vyote vilikuwa vya herufi kubwa, hakuna hata kimoja cha mwandiko wa mama yake.

Verna alirudi kazini siku ya kumi. Akatuketisha Rodel na mimi chumba cha chakula, akatueleza yote bila kupandisha sauti, kisha akaniuliza, “Gilbert, unadhani alijua ni mimi?”

“Alijua, dada,” nilisema.

“Usiniambie hivyo. Hujui.”

Rodel alijaribu kumwambia kwamba mtu hatunzi karatasi kumi na saba za mtu asiyemjua. Verna alimjibu kwamba yule muuguzi naye alikitunza chake. Nilimwomba radhi siku ile na nimemwomba mara nyingi baadaye. Kila mara ameniambia nenda kaendelee na kazi.

Hakuandika tena. Miaka mitano iliyofuata amesafisha vioo kama anavyosafisha siku zote, na aliomba aongezewe Main Street. Abiria wachache waliuliza vikaratasi vimekwenda wapi. Mwaka jana mama mmoja alibandika chake, “Tafadhali rudi,” akimwambia mwandishi. Verna alikisoma, akakikwangua, akapiga maji, akafuta.

Verna, tunakushukuru kwa vioo, kwa supu, kwa watu uliowafundisha, na kwa wale uliowashika mkono bila wao kukujua. Tunakuombea usingizi, afya ya magoti, na nyumba yenye joto. Zaidi ya hapo sijui la kukuombea, na sitajifanya najua.

Chakula kitakuwa saa sita mchana, ukumbi wa juu. Mhusika ameomba jambo moja tu: mtu yeyote asimpe kadi.

Gilbert Desrosiers, msimamizi wa zamu