Ufunguo wa Helmeti ya Mgeni

Mgeni rasmi, Mama Lorine Kweyu, uliyekabidhiwa steji zote za bodaboda za upande huu wetu. Viongozi wa mtaa. Majirani mliokuja na viti vyenu wenyewe kutoka nyumbani:

Kabla hakujapambazuka, katika ploti yetu hapa Dandora, husikika mnyororo ukiburutwa kwenye sakafu ya simiti. Krr, krr, kisha kufuli, tak. Kuta zetu ni nyembamba, kwa hivyo sote tunajua ni nini. Ni Nabiswa, mwendeshaji mwenzetu wa bodaboda, anafungua helmeti zake mbili kutoka kwenye mguu wa kitanda. Mkewe, Elsie, husikika akisema kwa sauti ya usingizi, "Baba Keynan, hata mimi hujawahi kunifunga hivyo." Naye humjibu, "Wewe nikikuacha nje utarudi. Hizi hazirudi."

Tumeanza na sauti hiyo kwa sababu ndiyo iliyotufikisha mbele yako leo.

KARIBU KWETU

Mara ya kwanza ulipokuja hapa, mama, ulikuja kutuonya, na ulikuwa na haki. Lakini tunakumbuka pia kwamba katikati ya maneno makali ulinyamaza ukampisha mama aliyebeba ndoo, viatu vyako vikaingia matopeni, na hukulalamika. Baada ya wewe kuondoka tulisema huyu mama anaweza kutusikiliza. Ndiyo maana leo tumekuandalia kiti hiki cha kivulini, na sisi tumekaa juani bila kinyongo.

TULIKOTOKA

Steji yetu ilianza na vijana wachache na jiwe moja la kukalia. Tangu hapo tuna neno letu. Helmeti ya mwendeshaji ni helmeti tu, basi. Ile ya pili, ya abiria, tunaiita ya mgeni. Aliyeanza kusema hivyo hatumkumbuki, ila kila mmoja wetu anajua maana yake: mtu akipanda pikipiki yako ameingia kwako. Ya mgeni ndiyo inayopanguswa kwanza asubuhi. Mvua ikija, mwendeshaji huivulia koti lake akaifunika.

Na ya mgeni ndiyo inayoibiwa. Yetu tunashuka nayo kichwani, hiyo nyingine inabaki kwenye pikipiki.

Nabiswa abiria wake wengi ni wa mtaa wa Fedha, kwenye maghorofa yasiyo na lifti. Mama akiwa na gunia la viazi na mtoto mgongoni, Nabiswa hawezi kumwacha chini. Humpandishia gunia hadi mlangoni. Akishuka, anakuta pikipiki ipo na helmeti haipo. Kwenye geti moja kuna mlinzi anaitwa Maingi, mtu mwenye roho safi, ambaye alikuwa akiona Nabiswa anapanda ngazi, anaichukua helmeti na kuivaa mwenyewe mpaka arudi. Wenye nyumba walimcheka. "Maingi, pikipiki yako iko wapi?" Naye akawajibu, "Nimeanza na kichwa, pikipiki itafuata." Lakini Maingi ni mmoja, na mageti ni mengi.

TULIVYOJARIBU

Kwanza tulifunga kwa mkanda wa kidevu. Tulipitisha kufuli kwenye kile kipete cha mkanda na kwenye keria ya nyuma, tukaona tumemaliza. Mwizi alikuja na wembe. Nabiswa alikuta kufuli liko sawasawa, halijaguswa, na kipande cha mkanda kinaning'inia hapo kama mkia ulioachwa na mjusi.

Akatafuta njia nyingine, na hii, mama, utatusamehe tukicheka kidogo. Alinunua mnyororo, akafunga helmeti ya mgeni kwenye gurudumu la mbele. Alisema mwizi hata akiiba helmeti itabidi abebe na pikipiki. Siku mbili tatu mambo yalikuwa mazuri. Kisha akaja mzee mwenye kesi katika mahakama ya Makadara, amechelewa, anapiga makofi: "Twende kijana, twende, jaji hangoji mtu!" Nabiswa akaruka juu, akawasha, akaondoka. Hakufika hata hapo kwa muuza samaki. Helmeti iliingia kwenye spoki, ikapasuka kama kibuyu, Nabiswa na mzee wakalala barabarani. Mzee aliinuka akajipangusa koti, akaiangalia ile helmeti. "Ilikuwa yangu hiyo?" akauliza. Nabiswa akasema ndiyo. "Basi leo imepasuka kwa niaba yangu bila mimi kuivaa," akasema, akaenda na pikipiki nyingine. Kesi hatujui iliishaje.

Tulicheka siku nzima. Kesho yake hatukucheka.

Kesho yake asubuhi Nabiswa hakuwa na helmeti ya mgeni. Clare, mjukuu wa huyu anayewasomea risala hii, alikuwa anakwenda kwa fundi wake wa kushona, akamwambia, "Nipeleke, ni hapa tu." Nabiswa akatazama keria tupu. Akasema, "Haya panda, ni hapa tu." Wote wawili walisema neno hilo moja. Kwenye kona kulikuwa na kokoto zilizomwagika kutoka kwa lori, na pikipiki ikateleza.

Nabiswa aliinuka mzima, maana yeye alikuwa na yake. Clare hakuinuka. Nabiswa alimbeba mikononi hadi kliniki, akasimama ukutani muda wote, akakataa kukaa. Bibi yake Clare alipofika, kijana alimwambia, "Shosho, nilimwambia ni hapa tu." Alijibiwa, "Na yeye alikuambia vivyo hivyo. Kaa chini." Elsie alikuja na uji kwenye chupa, na aliendelea kuuleta kila siku mpaka Clare alipotolewa nyuzi kichwani. Hatutasahau uji huo.

Ndipo wewe ulipokuja, mama, ukasema abiria mwingine akionekana kichwa wazi, steji hii inafungwa.

Tangu siku ya kona ile, Nabiswa hakubeba mtu tena. Alibeba mitungi ya gesi, magodoro, trei za mayai. Wenzake walimtania wakitaka acheke: "Wee Nabiswa, hayo mayai mbona hayana helmeti?" Akasema, "Yamezaliwa nayo," wala hakucheka. Alikuwa anaamka giza, anafungua mnyororo kwenye mguu wa kitanda, na kuiweka ya mgeni aliyonunua upya kwenye keria, akiipangusa, bila mgeni.

TULICHOPATA

Aliyetutoa hapo ni Nangila, fundi wetu wa kuchomelea, yule pale mwenye miwani myeusi kwenye paji la uso. Nabiswa alimpelekea helmeti akamwomba aitoboe tundu ubavuni lipite kufuli. Nangila akaikumbatia kama mtoto. "Nitoboe? Sufuria yenye tundu utapikia nini? Na hii si sufuria, ni kichwa cha mtu." Akaigeuzageuza. Akauliza kwa nini tunang'ang'ania mkanda, ambao ni kitambaa, na helmeti yenyewe ina mdomo mgumu.

Alichofanya ni hiki. Helmeti inayofunika hadi kidevu ina uwazi wa uso na uwazi wa shingo. Nangila alichukua kebo ya chuma, nene kama kidole kidogo, akaivisha mpira wa kumwagilia maji ili isikwaruze. Inaingia usoni, inatokea shingoni, imeukumbatia mdomo ule mgumu wa kidevuni, kisha ncha zake mbili zinakutana kwenye pete aliyoichomelea chini ya keria. Hapo kuna kufuli moja. Na vichwa vya nati za keria amevichomelea pia, asije mtu na spana. Ukiwa na wembe, utakata nini?

Nabiswa alikwenda nayo Fedha, akaiacha kwenye geti baya kuliko yote, akapanda juu na gunia la mkaa. Alishuka akikimbia. Ilikuwepo. Ilikuwa na alama za vidole kwenye vumbi. Mtu alikuwa ameivuta na kuivuta. Nabiswa alikaa kwenye ngazi akaziangalia zile alama muda mrefu.

Jumamosi iliyopita Clare alikuja steji peke yake. Akasema, "Nabiswa, nipeleke kwa fundi."

"Nenda na mwingine."

"Nataka wewe. Fungua hiyo kitu."

Akafungua kufuli. Alimfunga mkanda wa kidevu mwenyewe, akaujaribu kwa kidole, akaujaribu tena. Wakaondoka taratibu mno, mpaka muuza mahindi na mkokoteni wake akawapita. Tulimsikia Clare akipiga kelele, "Ongeza kidogo, tukienda hivi tutaanguka kwa kusimama!" Na tukasikia Nabiswa akicheka.

YANAYOTUSUMBUA BADO

Wenzetu wengine bado wana helmeti za zamani zisizofika kidevuni, ambazo kebo haina pa kushika. Hao wanakaa nazo mapajani wakisubiri abiria, na wakipanda ghorofani wanapanda nazo mikononi. Ni taabu, lakini hakuna anayebeba mtu kichwa wazi. Tukimwona anayefanya hivyo, sisi wenyewe tunamsimamisha, kabla yako. Tena Nangila anachomelea penye umeme wa kuazima, na umeme ukikatika kazi inalala.

TUNACHOKUOMBA

Usitufungie steji. Hilo ndilo kubwa, na tungeweza kunyamaza hapo.

Tunaomba pia useme neno na wasimamizi wa maghorofa ya Fedha, pikipiki ziruhusiwe kusimama ndani ya geti kwa muda wa mtu kupanda na kushuka. Na ukizungumza na steji nyingine, waambie waje kwa Nangila. Hatamficha mtu ufundi huu. Amesema mwenyewe.

Mgeni rasmi, wengine wangekuvisha leso mabegani. Sisi tumekuletea ufunguo. Pale nyuma ya pikipiki ya Nabiswa kuna helmeti ya mgeni, imepanguswa asubuhi hii, na ufunguo huu ndio wa kufuli lake. Wa pili anao Nabiswa, maana na wageni wengine wana vichwa. Lakini huu ni wako, nenda nao nyumbani.

Mungu akulinde barabarani, akupe watu wa kukusubiri jioni, na miguu yako isichoke kufika kwa wadogo kama sisi.

Ni sisi, Kikundi cha Bodaboda cha Helmeti ya Mgeni, Dandora, kwa sauti ya Benta, bibi yake Clare.

Na siku nyingine, mama, liache gari nyumbani. Nabiswa atakufuata mpaka mlangoni pako, utafungua kufuli wewe mwenyewe. Utakuja kututembelea tena lini?