Nzi wa Seline

Sikilizeni kwanza. Mvumo huo, mzito, kama mvua inayokuja kutoka upande wa ziwa. Wasikilizaji wapendwa, hiyo si mvua. Ni sami, vijinzi wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, na aliyewarekodi ni Simiyu Wakhungu, tunayemkumbuka leo.

Simiyu alikuja Kisumu kutoka Bungoma kufagia maabara. Kufagia, nasema. Siku moja akachungulia kwenye hadubini iliyoachwa mezani, na ufagio ukasahaulika. Alijifundisha mwenyewe. Spishi za vijinzi hawa hutofautishwa kwa umbo la ncha ya mkia wa dume, naye akazichora, mkia baada ya mkia, mpaka maprofesa wakawa wanamwuliza yeye. Asiyeamini akawaulize.

Asubuhi moja, miaka tisa iliyopita, aliona mkia usiokuwemo katika kitabu chochote. Madume saba, wa spishi mpya kabisa. Akawaacha kwenye sahani jikoni, akakimbilia mjini kutafuta spiriti ya kuwahifadhia.

Mkewe, Seline, ni binti wa ufuoni. Huko sami hukusanywa, wakapondwa, wakapikwa keki. Alikuta sahani karibu na karai lake la sami, akaimimina humo. Simiyu aliporudi, keki ilikuwa moto. Alikula vipande viwili, akasifu, ndipo akauliza sahani iko wapi.

"Alicheka hadi akakaa chini," anasimulia binti yao, Becky. "Akasema, 'Mama Becky, tumekula spishi nzima, na ilikuwa tamu.'"

Miaka minane, wasikilizaji, alimtafuta tena. Kila mwezi ulipoandama, wakati sami huibuka ziwani, Simiyu alitega taa na karai la maji ufuoni. Mwaka jana, upande wa Kombewa, akapata madume wanne wenye mkia ule ule. Safari hii spiriti ilikuwa mfukoni. Akachora, akaandika, akabakiza nafasi ya jina. Alitaka jina la Seline. Seline akakataa: wanawake wa soko wangemwita Mama Nzi maisha yake yote. Simiyu naye hakutaka jina lingine. Walitaniana hivyo hadi alipofariki wiki iliyopita, nafasi ikiwa bado tupu. Na nzi asiye na jina, jarida la sayansi halimpokei.

Seline, Becky na ukoo wote wa Wakhungu, poleni sana. Nasi wengine, sami wakijaa dirishani, tuwatazame kidogo kabla ya kushika ufagio.

Jana, mazishini, Seline aliinama juu ya jeneza, na waombolezaji wote wakamsikia.

"Baba Becky, jina langu nimekupa. Becky atatuma karatasi zako Jumatatu. Na mwezi ukiandama, taa nitawasha mimi, na sahani yako sitaigusa."