Konkurs ya Baba Diane

Kijiwe cha Bredäng ni benchi moja la mbao mbele ya stesheni ya tunnelbana, treni ya chini ya ardhi ya Waswidi, limetazamana na duka la maua, na kila Jumamosi, hata theluji iwe imeganda na kuwa nyeusi kama masizi, utawakuta pale wanaume watatu na chupa moja ya kahawa, ile ya kubonyeza juu. Chupa ni ya Paskali, Mtanzania aliyekuja zamani kusomea ufundi akabaki kuendesha basi; wanamwita Balozi, maana barua ya serikali usiyoielewa unampelekea yeye. Wa pili ni Jean-Bosco, kwao Burundi alikuwa mkuu wa shule ya msingi, hapa anasafisha maofisi, jina limeganda: Direkta. Wa tatu ni Kariuki, Mkenya, huyo ni Redio, na ukikaa naye kidogo tu utajua kwa nini. Siku hiyo ya Machi 2011 akaongezeka wa nne ambaye hakuwahi kukaa pale, Belyse, mke wa rafiki yao Anicet, na mtoto wake Diane amelala kwenye kigari.

— Shikamoo Balozi.

— Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Kunywa kwanza.

— Sinywi. Nimekuja kuwauliza kitu, lakini msimwambie. Baba Diane anafanya konkurs.

Mkono wa Paskali ukasimama juu ya chupa.

— Anafanya nini?

— Konkurs. Nilimsikia bafuni, amejifungia, anaongea na simu kwa Kiswidi, sauti chini chini, mara konkurs, mara konkurs, mimi shuleni Kiswidi sijafika mbali ila hilo neno nalijua toka kwetu.

Direkta akaruka kama aliyesikia kengele ya shule.

— Nani Mrundi asiyelijua! Mtihani wa kumaliza darasa la sita, watoto nchi nzima, wanaofaulu wanahesabika! Neno la Kifaransa hilo, hawa Waswidi wameliiba tu wakaitamka ile s ya mwisho. Konkurs ni mashindano, mama Diane. Mashindano!

Belyse akapumua. Ndivyo alivyojiambia usiku kucha, mashindano, maana siku ile majina ya waliofaulu konkurs yalipobandikwa shuleni kwao, mama yake alimchinjia kuku mzima peke yake, na neno lililokuja na kuku haliwezi kuja na ubaya.

— Itakuwa ya picha, akasema Redio. Si yule jamaa kamera haimtoki shingoni? Ameingia mashindano ya picha, akanyamaza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama!

— Lakini hanipigi picha tena. Hampigi hata mtoto. Tangu Diane azaliwe kila asubuhi anamweka dirishani, anampiga moja, halafu ndiyo anakunywa chai. Siku hizi hakuna. Na tangu jana kamera siioni.

— Ameificha! Unadhani mtu anaonyesha silaha kabla ya vita?

— Na jana nilimwona Skärholmen, katikati ya maduka, mchana kweupe, amekaa na mkoba magotoni, haongei, hasomi, anaangalia watu wakipita. Mimi nikajificha na kigari nyuma ya nguzo. Asubuhi aliniambia anaenda ofisini.

Direkta ndiye aliyeokoa.

— Bon. Anatafuta sura. Mpiga picha huanza na macho. Mchumia juani hulia kivulini: picha unaipigia juani, unaenda kuisafisha gizani. Anicet sasa yuko gizani.

— Kuna neno jingine alisema. Tingsrätten.

— Hilo rahisi. Ting ni kitu. Rätt ni haki. Haki ya vitu! Wanamwandikia picha ziwe mali yake.

— Wacha, Direkta! akadakia Redio. Rätt ni chakula. Hujaona mikahawani wameandika dagens rätt, chakula cha leo? Wameshamwita karamuni. Ameshashinda, nakuambia! Picha ya Diane itabandikwa stesheni zote, hapa mpaka mjini.

— Stesheni ni kidogo. Wataitia kwenye stempu.

— Stempu?

— Stempu ya posta. Barua iende mpaka Bujumbura na uso wa Diane.

— Aki watu watalamba mgongo wa mtoto!

Belyse akacheka. Mwenyewe alishtuka kusikia kicheko chake, akaweka mkono mdomoni, akaangalia kama Diane ameamka.

— Balozi, kwani wewe husemi kitu?

— Kahawa inapoa, mwanangu, alisema Paskali. Kunywa.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, akasema Redio. Hata Balozi amejaa furaha.

Paskali hakumtazama mtu. Alikuwa amekwisha kumwona Anicet akitoka stesheni, mikono mfukoni, shingo tupu.

— Mshindi! akapiga kelele Redio. Mpisheni mshindi! Hongera ya konkurs, ndugu yetu!

Anicet akasimama. Akamwangalia Redio, akamwangalia mkewe, mwisho akamwangalia Paskali, na Paskali akatikisa kichwa polepole: si mimi niliyesema.

— Nani amewaambia?

— Mimi, akasema Belyse. Nilikusikia. Usikasirike, nimefurahi tu, Direkta ameshanieleza yote, ni mashindano.

Anicet akakaa. Benchi lilikuwa limejaa lakini walijisogeza.

— Direkta, konkurs ya kwetu ukiingia unaweza kutoka umefaulu. Ya hapa ni kufilisika. Ile simu ilikuwa ya mahakama. Tingsrätten ni mahakama. Kampuni imekufa.

Hiyo kampuni wote waliijua, Anicet aliianzisha sebuleni kwake akaipeleka kwenye chumba cha ofisi, na kazi yake ilikuwa nzuri kuieleza: wewe uko Bredäng, unalipa kwa intaneti, mpiga picha wa kule Ngozi au Kigoma anakwenda mpaka kwa mama yako, anampiga akiwa mlangoni kwake, na jioni unamwona.

— Lakini watu waliipenda, akasema Redio kwa sauti ndogo. Hata mimi niliipenda.

— Waliipenda. Waliagiza mara moja. Nauliza, picha ilikuwa mbaya? Nzuri sana. Mbona huagizi tena? Nitaagiza. Nikashusha bei, nikabadilisha rangi za tovuti, usiku silali natafuta kosa liko wapi. Biashara unaweza kuifanya sawa kabisa na bado mtu asirudi, na hakwambii kwa nini.

Direkta alikuwa anaangalia viatu vyake.

— Mimi sikurudi, alisema. Kwenye simu mama aliniambia yuko mzima. Picha ilipokuja ameshika fimbo ya kutembelea. Sikujua kama ana fimbo.

— Kwenye simu mtu hazeeki, alisema Paskali.

— Basi ndiyo hiyo, akasema Anicet. Ndiyo niliyokuwa nauza.

Akasugua uso kwa viganja.

— Unajua, zilizonifurahisha mimi ni zile zisizo na mteja. Viatu vyetu mlangoni. Mvuke kwenye dirisha la chumba cha kufulia. Ninyi hapa mkigombana, Redio mdomo wazi. Nilikuwa nasema, kampuni ikisimama vizuri, nitapata nafasi ya kuziangalia.

Belyse alikuwa bado na neno lake la kuku, analishika, linamponyoka. Alijua kulia kutakuja, atalia nyumbani. Sasa hivi kulikuwa na kitu kingine cha kuuliza.

— Baba Diane. Kamera iko wapi?

— Ilinunuliwa kwa jina la kampuni. Jana wamekuja wanasheria, wamechukua vyote. Kamera na zile kompyuta.

— Jana.

— Asubuhi. Halafu nikaenda kukaa Skärholmen. Nilishindwa kuja nyumbani.

— Nilikuona.

Anicet akainamisha kichwa. Kwenye kigari Diane aliamka, hakulia, akawatazama mmoja mmoja kama anayewahesabu, alipofika kwa baba yake akacheka.

— Na huyu? akauliza Belyse. Si ulisema utamtoa mle ndani ya kompyuta, utamtia kwenye karatasi, tumpelekee mama? Siku aliyozaliwa, jino lake la kwanza, zile asubuhi zote za dirishani. Ulimtoa?

Anicet akapeleka mkono shingoni, pale kamera ilipokuwa ikikaa, akatikisa kichwa. Redio, ambaye hajawahi kukosa neno, akageuka akatazama duka la maua. Direkta alivua kofia akaishika. Paskali akabonyeza chupa ammiminie Belyse, akabonyeza tena, ikatoa upepo mtupu.