Ploti ya Watoto wa Soko

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Kim zima hiyo redio, maana sauti niliyobaki nayo ni kidogo na sitaimaliza nikishindana na watangazaji. Ngendo, niinulie mto. Hapo. Mimi Wachuka, mjane wa Waweru, nimeuza karoti na kabichi katika soko la Karatina miaka thelathini na mmoja, na sikuwahi kunyamaza mtu akinionea. Basi msidhani kifo kitanifunga mdomo kabla sijamaliza.

Nianze na mepesi. Shamba la kahawa mligawane Ngendo na Kim, nusu kwa nusu, na mtu asiniambie ati Ngendo ameolewa Kutus. Mtoto ni mtoto, na aliyeniosha mgongo miezi hii yote ni yeye. Ng'ombe na ndama wake ni wa Kim. Shemeji yangu Ngatia, aliyenipeleka kwa chifu mara tatu baba yenu alipofariki, akidai ati mwanamke hawezi kurithi ploti ya mjini, nimemsamehe kwa moyo wangu wote. Aje kwenye mazishi, ale, ashibe. Lakini maikrofoni asipewe.

Sasa ploti yenyewe. Wamae, mwanangu wa kwanza, uliyebeba jina la babu yako, usiangalie chini. Najua ulikuja na mchora ramani mkapima ua wa kituo changu cha watoto kwa kamba, na najua unataka kukibomoa ujenge ghorofa tano za kupangisha. Sijakasirika. Nani hajui kwamba ploti inayopakana na soko ni mali? Wajomba zenu wananinong'oneza tangu wiki jana, "Wachuka, weka kirumi." Mnakijua kirumi, neno la mzazi anayekufa akikataza jambo, na atakayelivunja nyumba yake hukauka. Naona mnavyoniangalia midomo, mnaiogopa leo kuliko mlivyoogopa fimbo yangu. Basi nisikilizeni mpaka mwisho.

Kituo kile hakikutoka kwenye wema, kilitoka kwenye aibu. Wamae, ulipokuwa na miaka mitatu nilikuwa nakuweka kwenye kreti chini ya meza yangu sokoni, na siku moja nikibishana bei na mteja ukachomoka, ukafika kwa muuza chai, na sufuria ikakumwagikia mguuni. Kovu lile unalificha kwa suruali ndefu, lakini mimi naliona kila nikikuangalia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikaapa kwamba nikipata mahali, mtoto wa mwanamke wa soko hatalelewa tena chini ya meza. Miaka ikapita, ninyi mkakua, na hatimaye kina mama wa chama chetu wakanichangia mabati, tukajenga vyumba vitatu, tukavipaka rangi ya manjano, tukaweka vitabu, mikeka na jiko la uji.

Halafu nikafanya ujinga. Mtu wa soko, siku ya soko hafanyi jambo lingine hata mvua inyeshe mawe. Basi siku za soko nilikifunga kituo nikaenda kuuza, nikakifungua siku zile nyingine. Nikawa nakaa pale na sufuria imejaa uji, nikilaumu ati wanawake hawa hawana shukrani, wamejengewa na hawaji. Nyani haoni kundule, wanangu.

Mpaka siku moja ya soko binti wa Wacera, yule muuza ndizi, mtoto wa miaka miwili tu, akapotea. Tulimtafuta wote tukiita, na saa nane mchana akapatikana amelala juu ya magunia ya kabichi, ndani ya lori lililokwisha kuwasha injini kwenda Mombasa. Wacera akamfunga mgongoni, akaja mbele ya meza yangu, akasema watu wote wakisikia, "Mama Wamae, umejenga nyumba ya watoto, halafu unaifunga siku ile watoto hawana pa kukaa. Sasa hiyo nyumba umemjengea nani?" Nilimtukana. Nilimtukana mbele ya soko zima, maneno ambayo mtu hayarudii akiwa anaenda kwa Mungu wake. Nilipofika nyumbani nilikiri moyoni kwamba alikuwa amesema kweli. Siku ya soko iliyofuata niliachia wengine meza yangu, nikamwomba Wacera msamaha palepale aliponisemea, nikaenda nikafungua mlango kabla ya jua.

Weh! Watoto ishirini na sita asubuhi ile! Wengine mgongoni, wengine wakiburutwa, mmoja ameletwa na mkokoteni juu ya viazi. Ni miaka minane sasa, na hatujawahi kukosa siku hata moja ya soko. Pale watoto wanapimwa uzito, mama asiye na cheti cha kuzaliwa cha mtoto anasaidiwa kukitafuta, na wakubwa wanabaki jioni kusoma kwa sababu kwao hakuna stima. Yule binti wa kwenye lori juzi alinisomea Zaburi hapa kitandani bila kukwama, nikalia, mimi niliyeachia shule darasa la tatu. Najivuna, ndiyo. Mungu anisamehe, najivuna sana, na ningeiacha meza ile tena.

Lakini kirumi sitaweka. Kwetu Kangema babu yangu aliwekea kipande cha shamba kirumi kisiuzwe. Hakikuuzwa. Kimejaa magugu miaka hamsini, ndugu hawasemezani, na hakuna aliyethubutu kupanda hata kiazi. Kirumi kinaweza kuzuia ploti isiuzwe, wanangu, lakini hakiwezi kupika uji. Kwa hiyo ploti ile, Wamae, nimekuandikia wewe. Ndiyo, wewe. Ngendo, acha kushtuka, nipe maji.

Asante, Ngendo. Wamae... kesho ni siku ya soko. Utafungua wewe, Wacera atakuonyesha tu sufuria iliko. Umpokee kila mtoto kutoka mkononi mwa mama yake, umuulize jina, umpe uji. Ukimaliza, kama bado unataka ghorofa, waambie watoke. Ila uwaambie kwa mdomo wako, ukiwaangalia machoni. Usimtume mtu. Na mimi usinijibu, maana si mimi utakayeishi nami.

Pumzi inakwisha. Mnizike kando ya baba yenu, jeneza la kawaida, hotuba fupi. Mkinikuta kesho nimelala, mlango ufunguliwe vilevile. Na msinizike siku ya soko... wale mama watataka kuja, na watoto wataachwa na nani?

Leteni mikono. Nawatemea mate ya baraka, kama mama yangu alivyonitemea mimi. Mzae, mlee... nyumba zenu zisikose kelele za watoto wala moto jikoni. Ngendo. Kim. Thaai, amani iwe nanyi. Wamae, mkono wako uko wapi... Hata ukijenga ghorofa, wewe ni mwanangu, na baraka hii ni yako, sikuifungia masharti.

Saa kumi na mbili, Wamae. Usichelewe... huwa wanakuja na baridi.