Mama wa Kambo Naye Amefiwa

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za mchana. Mwenyekiti wetu wa mtaa ameniambia niseme kwa ufupi, na mnaonijua mnajua hiyo kwangu ni adhabu. Nitajitahidi. Nikikwama kidogo, msije kunishika mkono mkasema nikae. Niacheni nisimame mpaka nimalize.

Mimi niliolewa na mwanaume aliyefiwa na mke. Ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, wa miaka minne. Mama yake alifariki mtoto hajaanza hata kutembea. Majina sitayataja, ya mtu yeyote. Yule mtoto nitamwita mwanangu, maana ndivyo alivyokuwa.

Msidhani alinipokea kama kwenye hadithi. Aliniita "wewe". "Wewe, njaa." "Wewe, baba yuko wapi?" Nami nikamjibu hivyohivyo, "Wewe, njoo ule." Tukaishi hivyo miezi kadhaa. Nauza karanga, wengi wenu mmezila. Nikikaa kuzimenya, anakuja kando yangu kutafuta zile zenye mbegu tatu ndani ya ganda moja. Hizo zake, haziuzwi. Siku moja jirani akawa ananitania, anajifanya kuninyang'anya ungo. Mtoto akaruka: "Mwache mama!" Kisha akaona haya, akakimbilia ndani. Ndugu zangu, nawaambia, nilibaki nimeupakata ule ungo, sijui niuweke wapi.

Sasa, alikuwa mtoto wa kuumwaumwa. Vidole vinavimba, miguu inauma, macho yana umanjano. Zahanati tulikwenda sana. Tunapewa dawa za malaria, anapata nafuu, tunarudi nyumbani. Kwenye kifundo cha mguu akapata kidonda kikakataa kupona. Na maumivu yakimshika, alilia kilio ambacho siwezi kuwaigia hapa. Mimi namkanda kwa maji ya uvuguvugu, baba yake anambeba mgongoni anazunguka naye uani mpaka apitiwe na usingizi. Nyumba zetu mnazijua, za kupanga, ukuta mmoja. Majirani walikisikia kile kilio. Mgongo wa baba yake hawakuuona.

Alipofika miaka saba, asubuhi moja aliamka akasema amechoka. Mtoto kusema amechoka kabla hajacheza! Nikamtazama, midomo imepauka, tumbo limejaa upande mmoja. Tukapata bodaboda, mimi nimemkumbatia, baba yake anatufuata kwa baiskeli. Njiani akaniuliza, "Mama, tumefika?"

Nikamwambia, "Tunakaribia, baba."

Pale hospitali nesi alimpokea mikononi mwangu, akamkimbiza ndani. Daktari alipotoka alikuwa anavua glavu. Akatuambia tukae. Basi, mwanangu alikuwa ameondoka.

Sijamaliza hata kulia, nikaona askari. Nataka niwe mkweli mbele yenu: kuuliza ilikuwa haki yao. Mtoto amekufa, ana kidonda, mtu wa mtaani amepiga simu kusema analia kila mara. Mimi mwenyewe ningeuliza. Kilichonivunja si maswali ya polisi.

Kilichonivunja ni mtaa. Polisi walituleta nyumbani ili wakague chumba, tukakuta watu wamejaa mpaka barabarani. "Mama wa kambo huyo!" "Kamchoma mtoto mguu kwa moto!" "Na baba mtu alijua, kafumba macho kwa ajili ya mwanamke!" Mtu akanirushia tope likanipata shingoni. Dada mmoja tuliyekuwa tukisukana nywele alinyanyua simu juu, juu kabisa, ili anipate vizuri. Ile picha ikazunguka. Dada yangu aliyeko Urambo aliiona kabla sijapata mtu wa kumpelekea habari ya msiba. Alijua mimi ni muuaji kabla hajajua kwamba mtoto amefariki.

Na mwanangu akazikwa sisi tuko mahabusu. Ndugu wa marehemu mama yake walimchukua kwa treni, wakampeleka kwao Tura, wakamlaza karibu na mama yake. Sikumwosha. Sikumwona. Nilihesabiwa pamoja na mahabusu wengine asubuhi ile kama siku nyingine.

Tukashtakiwa kuua bila kukusudia. Dhamana ilikuwa wazi, wadhamini hawakuwapo. Ndugu wa mume wangu walisema wanasubiri ukweli ujulikane. Ukweli nao ulikuwa unasubiri majibu ya uchunguzi, na majibu yalikuwa safarini, sijui wapi. Nikaacha kula. Nikaacha kusali, nisamehewe. Watu wengi wakisema kitu kimoja, wewe mwenyewe unaanza kukitafuta ndani yako. Nikawa najiuliza, labda maji yalikuwa ya moto? Labda nilimshika vibaya? Mpaka nikafika mahali naona heri nihukumiwe tu yaishe.

Ikafika siku ya kurudishwa mahakamani. Tumeshushwa kwenye karandinga, kelele zimeanza, nimeinamisha kichwa. Mara kelele zikapungua. Nikasikia mtu anasema, "Mpisheni bibi! Mpisheni bibi wa mtoto!"

Nikajua ni mama mzazi wa yule mke wa kwanza aliyefariki. Bibi aliyemzika mwanangu. Ametoka Tura na mfuko wake wa kitenge, miguu ina vumbi. Watu wakampa njia kwa haraka, wengine wananyanyua simu. Walitaka kuona akinilaani, na mimi nikafumba macho ili anilaani.

Akaniambia, "Mwangaluka, mayu." Umeamkaje, mama, kwa Kinyamwezi, anavyomsalimia mtu nyumbani kwake. Kisha akasema, "Pole, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mtoto."

Ndugu zangu, tangu mtoto afariki nilikuwa sijaambiwa pole. Si na ndugu, si na jirani, si na mtu yeyote. Nikakaa chini palepale na pingu zangu, na yule bibi akakaa chini pamoja nami. Askari alitaka kumwondoa, kisha akaacha.

Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Bibi, huyo ndiye kamuua mjukuu wako!"

Bibi hakugeuka. Akasema, "Nilizaa watoto watano. Mmoja alivimba vidole hivihivi, akalia viungo hivihivi, akanifia mgongoni nikienda naye stesheni. Nilimzaa mwenyewe, nikamnyonyesha. Mbona mimi hamkunirushia tope?"

Baadaye ndani ya mahakama akasimama yeye na kaka yake, wakatudhamini. Na yale ya mtoto wake aliyemfia akamweleza daktari wa uchunguzi, ili wajue waangalie nini.

Tukakaa kwake Tura tukisubiri. Mimi na mume wangu tulikuwa hatuzungumzi. Si ugomvi. Kila mmoja alikuwa anaogopa kumwangalia mwenzake akakuta na yeye anamshuku. Bibi aliona, hakutuhubiria. Alipika ugali na mlenda, akaweka sahani moja, akasema kwake sahani ni chache. Uongo mtupu, sahani zilikuwa zimejaa kwenye kichanja. Tukala pamoja, vidole vinagongana. Siku ya tatu mume wangu akasema, "Alipenda karanga zenye mbegu tatu." Tukalia wote wawili, mchana kweupe.

Bibi akanipeleka kaburini. Akanionyesha alivyomlaza, upande gani kichwa, nani alishika sanda. Akaniambia, "Nilimwambia mtoto kwamba wewe mama yake, huko uliko, unamlilia." Kisha akaenda kusimama mbali, akaniacha nimzike mwanangu kwa namna yangu.

Majibu yakaja. Seli mundu, ugonjwa wa damu mtu anaozaliwa nao. Kile kidonda kilitokana nao. Siku ile damu ilikuwa imejikusanya kwenye bandama, ndiyo maana tumbo lilijaa. Upande wa mashtaka ukasema hauendelei na kesi, hakimu akatuachia. Nikatoka nje nimejiandaa kwa umati. Nje palikuwa na muuza machungwa na mbuzi wawili. Waliokuja kutuzomea hawakuja kusikia tumeachiwa. Na ile picha, mpaka leo kuna simu inayo.

Tulirudi kwenye chumba kilekile. Watu walinipita kama nguzo ya umeme. Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri; karanga niliuza mbali, huko njia ya Kipalapala, ambako hawanijui. Mpaka asubuhi moja jirani yangu wa ukuta, yule aliyekuwa akisikia kilio, akaja akasimama mlangoni. Akasema, "Nilikuwa namsikia akilia."

Nikamjibu, "Na mimi, dada. Nilikuwa naye."

Akaangalia chini. Kisha akachuchumaa, akavuta beseni la vyombo vyangu vya jana, akaanza kuviosha. Msamaha hakuomba. Aliosha vyombo vyote, na sufuria akaisugua mpaka masizi yakatoka. Nilimwangalia, nikaona kifua changu kinapata nafasi ya kupumua. Siku ile niliuza karanga hapa mtaani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule bibi na kaka yake. Namshukuru mume wangu, ambaye yuko pale nyuma anajifanya anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Yule jirani namshukuru, yumo humu ndani, anajijua.

Sasa nimalizie na hili, mwenyekiti, kisha nikae. Wiki hii nyote mmeona kwenye simu zenu habari ya wale wazazi waliokamatwa, mtoto wao amefariki. Nimesikia mnavyowasema hapo bombani. Mimi siwajui. Inawezekana walifanya kweli, inawezekana hawakufanya. Hiyo ni kazi ya mahakama, na kama walifanya, mtoto yule astahili haki yake. Lakini pole haimfungui mtu pingu, wala haimfungi. Kusema pole hakuharibu kesi ya mtu.

Jumamosi nakwenda kumwona yule mama mahabusu. Nimeomba, nimeruhusiwa. Sijui atanipokeaje, na mengi sina ya kumwambia. Kama yuko wa kunisindikiza, nitaondoka baada ya chai. Kama hayuko, nitakwenda peke yangu.